Kipande cha Mwisho cha Mzee Bluu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuning'iniza mkoba msumarini, Mama Vioo alikuwa na desturi ya kufungua friji ndogo ya maabara na kumwamkia Mzee Bluu. "Shikamoo, Mzee. Umelalaje?" Halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti nzito ya kiume, "Marahaba, binti yangu, nimelala kwenye baridi kama kawaida." Wenzake walikwisha kumzoea. Mgeni akishangaa, wanamwambia amwache, huyo na mzee wake hawaachani.

Mzee Bluu hakuwa mtu. Tuseme hivi, aliwahi kuwa sehemu ya mtu. Alikuwa kipande cha ini la binadamu kilichozamishwa ndani ya nta, ukubwa wake kama kile kijisabuni kinachobaki bafuni ambacho hakuna anayetaka kukitupa. Juu yake kulibandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono: CHUMA TELE. USIGUSE.

Nikueleze kazi yenyewe, maana wengi wakisikia maabara akili inakimbilia kwenye vichupa vya mkojo. Madaktari wakimtoa mgonjwa kinyama kidogo, kinaletwa kwa Mama Vioo. Yeye anakikausha, anakizamisha kwenye nta, anakifunga kwenye mashine yenye gurudumu na wembe, na anakikata kwa wembamba ambao karatasi mbele yake ni ubao. Vile vipande vinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, anavinasa kwa kioo, anavipaka rangi, halafu Daktari anavisoma kwenye hadubini. Akitakiwa kutafuta chuma, anachanganya maji mawili, moja kali kama siki, jingine la chumvi ya manjano, na kumimina juu ya kile kipande. Palipo na akiba ya chuma, rangi ya bluu inatokea.

Tatizo ni hili: isipotokea, utajuaje kama mgonjwa hana chuma, au maji yako ndiyo yamekufa? Ndiyo maana kwenye kila kioo, pembeni ya nyama ya mgonjwa, unaweka kipande cha nyama unayoijua imejaa chuma. Hiyo ikigeuka bluu, rangi yako ni nzima na unaweza kumwamini mgonjwa. Huyo ndiye alikuwa Mzee Bluu. Hakuwahi kumwangusha mtu hata siku moja.

Mama Vioo alimrithi kutoka kwa Bwana Nta, fundi wa zamani aliyemfundisha kazi, sasa marehemu. Bwana Nta alikuwa na mkono wa birika usio na mfano. Alikuwa anamkata Mzee Bluu kama anayegawa keki moja kwa watu mia, na kila siku alirudia onyo lake, "Taratibu, binti, huyu hatuna mwingine." Kwa ubahili huo, na ule wa Mama Vioo baada yake, vipande vinne vya nta, vyote vya ini lile lile, vikatosha miaka zaidi ya ishirini. Sasa kilibaki kimoja, na hicho kimoja kimekuwa chembamba kama kucha.

Wakaguzi wakatangaza wanakuja. Daktari, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, akaja na karatasi ya masharti. "Mama Vioo, kila nyama ya kupimia rangi lazima ijulikane ilitoka kwa nani. Namba, umri, ugonjwa. Huyu Mzee wako ana namba?"

"Ana jina tu, Daktari."

"Jina la utani halihesabiki. Mtafutie namba."

Mama Vioo akaibandua ile karatasi ya Bwana Nta kwa kisu, akakwangua nta ya chini yake, na namba ikajitokeza, ya zamani, ya penseli. Akashuka nayo stoo ya chini ambako madaftari yamepangwa mpaka darini, akapiga chafya mara tatu, akalipata daftari la mwaka ule, akafuata namba kwa kidole. *Mwanamume. Miaka arobaini na nne. Kinyozi.* Kando yake palikuwa na majina matatu, yameandikwa vizuri, hayakukosewa hata herufi moja. Yalikuwa majina ya baba yake.

Jambo la kwanza alilofanya, na hili hakumwambia mtu, ni kunusa mikono yake. Halafu akakaa juu ya maboksi. Miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa alikuwa akimkata baba yake vipande, akimtania, akiimba huku anazungusha gurudumu. Na ile nyama inayobaki kwenye wembe alikuwa akiifuta kwa kitambaa na kuitupa kwenye ndoo.

Hapo ndipo alipousikia mlio wa mkasi kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki.

Baba yake alikuwa na tabia moja. Kabla ya kugusa nywele za mteja, alifungua na kufunga mkasi hewani mara mbili, kachu, kachu, kama anayepiga hodi. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba, kiti kimoja na kioo kimoja kilichopasuka kona, na watoto wa nyumba ile walikua wakiamka na kulala na mlio huo. Alikuwa mcheshi, alijua kumfanya mteja acheke huku wembe uko shingoni, jambo ambalo si kila kinyozi angethubutu. Alipofika miaka arobaini mambo yakaanza kwenda kombo. Vidole viwili vya kila mkono vikavimba kwenye vifundo, mkasi ukawa unamponyoka. Alichoka tangu asubuhi. Ngozi yake ikageuka rangi ya kijivujivu, kama sufuria lililokaa sana motoni. Na alikuwa na kiu. Mtungi wa maji ulikuwa kwenye ukumbi, na kutwa nzima utasikia kata inagonga mtungi, ndo, ndo, anakunywa kama ng'ombe na dakika tano baadaye anarudi.

Siku alipomkata mteja sikio, mtaa mzima ukapata jibu. Kinyozi anakunywa. Nani asiyejua dalili za mlevi? Mikono inatetemeka, macho yamezama, kutwa kiu. Aliapa kwamba hajaonja pombe tangu azaliwe, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu hakuna mlevi anayekiri. Mkewe, mama yake Mama Vioo, alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, na aibu ile ilimla. Alipekua makabati, akapekua paa, akawatuma watoto wanuse vikombe. Hakukuta chupa. Kutokukuta chupa kukamfanya amwone mumewe mjanja zaidi.

Tumbo likavimba, akalazwa, hakutoka. Siku moja kabla ya kufariki alimwita binti yake, wakati huo ana miaka kumi na saba, akamshika mkono kwa vile vidole vyake visivyokunjika. "Mama yako haniamini," alisema. "Na wewe, mwanangu?"

Binti akaangalia sakafu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliangalia sakafu mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, akatoka. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu yenye ufa unaofanana na mto, na mpaka leo anaweza kukuchorea ule ufa.

Baba alipofariki, madaktari waliomba ruhusa ya kumpasua. Mama akatia sahihi pale pale. "Mpasueni," alisema, "mtuonyeshe hiyo pombe yake." Ikaletwa karatasi: ini limejaa makovu, hali inayolingana na unywaji wa pombe wa muda mrefu. Mama akaikunja mara nne, akaiweka kabatini chini ya kanga zake. Akamaliza.

Mama Vioo alipanda ngazi kutoka stoo, akaenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Umepauka," Daktari akasema. "Kaa."

"Daktari, Mzee Bluu ni baba yangu."

Daktari alisubiri sehemu ya kucheka, maana utani wa Mzee Bluu haukuwa na mwisho. Haikuja. Akaondoa macho kwenye hadubini, akavuta kiti. Mama Vioo akamweleza yote, kuanzia mkasi mpaka mtungi. Alipofika kwenye vidole, Daktari akamwuliza ni vidole vipi, akamwonyesha. Daktari akafumba macho kidogo.

"Nisikilize," alisema. "Chuma mwilini ni kama kaa la moto. Bila hilo hupiki, ukiliacha lizurure litaunguza nyumba. Kwa hiyo kila seli inajitengenezea vyombo vya kulihifadhi. Ni protini, inaitwa feritini. Chukulia kijungu cha mviringo, ndani kitupu, kimeungwa kwa vipande ishirini na vinne. Chembe za chuma zinaingia humo kwa maelfu, zinatulia. Mwili ukihitaji, unachota."

"Na kikijaa?"

"Seli inatengeneza kingine. Na kingine. Shida ni kwamba mwili una mlango wa kuingizia chuma, wa kukitoa kwa makusudi hauna. Kinatoka na damu tu, na kidogo kidogo kupitia ngozi na tumbo. Kwa watu wengi ule mlango unajibana wakishiba. Lakini kuna koo ambazo mlango haujui kujibana. Wanakula chakula kile kile mnachokula wote, chuma kinaingia, kinaingia, miaka arobaini. Vijungu vinarundikana, vinaharibika, vinabaki madonge, na chuma kinaanza kuunguza. Ini linaota makovu. Vifundo vya vidole vinauma. Ngozi inageuka rangi. Kongosho likiungua, sukari inapanda, na mtu anapata kiu isiyokatika."

Mama Vioo aliziba mdomo kwa kiganja.

"Sasa kwa nini hawakuona?" aliuliza.

"Walipaka rangi ya kawaida. Hiyo inaonyesha makovu. Wakawauliza ndugu, ndugu wakasema anakunywa, wakaandika."

"Lakini Bwana Nta alijua."

"Bwana Nta alijua kuna chuma. Alikuwa anatafuta nyama nzuri ya kupimia rangi, akajaribu mojawapo ya stoo, ikawa bluu kama sare ya shule, akafurahi, akabandika karatasi." Daktari akashusha pumzi. "Na sisi je? Mimi nimemwangalia Mzee Bluu miaka kumi na mbili. Kila mara nasema, rangi safi, tuendelee. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini mtu huyu amejaa hivi. Sote tulijua. Hakuna aliyeuliza."

Kisha akauliza lile swali ambalo Mama Vioo alikuwa anaogopa kulijibu hata kimoyomoyo. "Alizaa watoto wangapi?"

"Wawili. Mimi na mdogo wangu wa kiume."

"Wewe ni mwanamke, damu ya kila mwezi imekukinga, ingawa nawe tutakupima. Mdogo wako ana umri gani?"

"Thelathini na nane," alisema, huku anaviona vidole vya mdogo wake waziwazi.

Mdogo wake alikuwa fundi kufuli. Ana kibanda cha mabati chenye funguo zimening'inia ukutani kama samaki wakavu, na zamani alikuwa akifungua kufuli yoyote huku anakuhadithia mambo mengine kabisa. Siku hizi anaangusha funguo. Anakaa chini katikati ya kazi. Uso wake umekuwa wa kijivujivu, na watu wamekwisha kumsoma: mtoto wa kinyozi, ameanza. Mkewe alivumilia maneno ya majirani mwaka mzima, halafu akachukua watoto akaenda kwao, kupumzika kidogo, alisema. Na kilichomwuma Mama Vioo kuliko vyote ni kwamba sasa ilikuwa kweli. Tangu mke aondoke, mdogo wake alikuwa anakunywa. Alimjibu dada yake bila kupepesa macho: "Wamenihukumu kabla sijaonja. Basi acha nionje."

Alimkuta kibandani mchana ule, chupa iko chini ya meza, hata hakujihangaisha kuificha.

"Dada, kama umeleta mawaidha, nimeshiba."

"Nimeleta habari za Baba."

"Za Baba nazijua. Mama anazo kabatini, zimekunjwa mara nne."

Alimweleza. Alimweleza kama alivyoelezwa, vijungu, kaa la moto, mlango usiojibana. Mdogo wake alisikiliza huku akisugua ufunguo kwa tupa, taratibu, vifundo vyake vimevimba. Alipomaliza, akauweka ufunguo chini.

"Kwa hiyo unataka kuniambia Baba hakunywa."

"Hakunywa."

"Na mimi ninakunywa." Alicheka kicheko kibaya. "Ini langu likitolewa, mtakuta nini humo? Mtakuta pombe, Dada. Mwaka mzima sasa. Utakuwa umenivua nguo mbele ya watu kisha mnasema, ah, huyu kweli."

Hapo alimpata pabaya, kwa sababu hata yeye wazo hilo lilikuwa limemjia njiani. Akajikaza. "Mtu akija kwako na kufuli imekwama," alisema, "huwa unauliza nani kaiharibu, au unaifungua kwanza uone ndani?"

Mdogo wake akaangalia vidole vyake, akajaribu kuvikunja, havikukunjika. "Nitakuja," alisema mwisho. "Lakini mkikuta ni pombe tu, usirudi hapa. Sitakuwa na dada wa kuniletea hadithi mara mbili."

Alikuja. Akatolewa damu, na feritini yake ikapatikana juu kupita mstari wa mwisho wa kipimo, maelfu. Mama Vioo akataka kushangilia. Daktari akamzuia kwa mkono. "Subiri. Pombe nayo inapandisha feritini. Ini likiumia linaimwaga kwenye damu. Nahitaji kukiona chuma chenyewe, kiko wapi na ni kiasi gani. Nahitaji nyama ya ini."

Wakamchoma sindano ubavuni, wakatoa kinyama chembamba kama uzi, kikaletwa kwenye kichupa. Daktari akasema kazi aifanye fundi mwingine, si vizuri mtu kumkata ndugu yake. Mama Vioo akamwangalia. "Daktari, nimemkata baba yangu miaka kumi na tisa bila kujua. Huyu niachie nikiwa najua." Daktari akaondoka na kufunga mlango.

Nyama ya mdogo wake ilikatika vizuri, akainasa kwenye kioo, akaacha nafasi pembeni. Sasa ikabaki nyama ya kupimia rangi. Nyama nyingine yenye chuma haikuwapo bado, ile mpya iliyoagizwa haijafika. Alikuwapo Mzee Bluu, naye amebakiza nta kuliko nyama.

Alimfunga kwenye mashine. Hakumwamkia. Utaanzaje kumwamkia? Alizungusha gurudumu, na gurudumu likatoa sauti ambayo alikuwa ameisikia maelfu ya mara bila kuisikia: kachu, kachu. Akageuka kutazama mlango, umefungwa. Kipande cha kwanza kikatoka kimepasuka katikati. Cha pili kikajikunja, kikasambaratika majini kabla hajakigusa kwa brashi. Kwenye nta kulibaki alama ya kahawia isiyofika upana wa punje ya dengu.

Akaondoa mikono kwenye mashine. Ilikuwa inatetemeka, na angekuwapo mtu pale mlangoni angesema, huyo naye, damu haipotei. Akakaa hivyo mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Akapulizia wembe hewa ya mdomo, kama Bwana Nta alivyomfundisha, ili nta ipate unyevu isikatike kwa hasira. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, katika chumba kisicho na mtu, "Nakuamini, Baba. Nilichelewa kukujibu. Nakuamini."

Akazungusha. Kachu. Kipande kikatoka kizima, kikaelea juu ya maji, kikajinyoosha polepole. Akaingiza kioo chini yake akakinyanyua, na kikatua pale kwenye nafasi iliyoachwa. Baba na mwana wakalala kwenye kioo kimoja, wametengana kwa upana wa kidole. Kwenye mashine nta ilibaki nyeupe tupu.

Akamimina yale maji mawili, akangoja. Mtu aliyefanya kazi hii miaka yote hiyo anajua kwamba kabla ya hadubini, ukiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha, jicho tupu linaweza kukuambia kitu. Alikaa na kioo mkononi muda mrefu kuliko sharti, anaogopa kukiinua. Kama upande wa Baba ungekuwa bluu na ule mwingine mweupe, basi mdogo wake ni mlevi aliyejiua kwa sababu watu walimwita mlevi, na yeye hana tena ndugu wa kumtembelea.

Akakiinua. Vipande vyote viwili vilikuwa bluu, na usingeweza kusema kipi ni cha nani.

Daktari alikisoma mara mbili, akamwita mwenzake wa hospitali nyingine akakisoma pia, kisha akaandika. Tena aliandika karatasi mbili, moja ya mdogo mtu na moja ya daftari lile la stoo, kusahihisha maneno ya zamani. "Makovu yameanza, lakini si kama ya baba yenu," alisema. "Tumewahi. Pombe aache leo, si kesho. Atatolewa damu kila wiki, chupa moja, mpaka ile akiba iishe, kisha mara chache kwa mwaka, maisha yake yote. Mwili hauna mlango, sisi tutamfungulia."

Jumapili mchana walikwenda kwa mama yao, wawili. Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Mdogo wake alikaa mbali naye kama kawaida, kona ile ile, pamba iko kwenye mkono aliotolewa damu. Alikuwa na kiu, Mama Vioo aliiona midomo yake. Lakini kwa mama yao hakuwahi kuomba maji. Tangu akiwa mdogo, akigusa kikombe, macho ya mama yanamfuata mpaka anakiweka chini.

Mama Vioo alieleza yote, hakuruka hata Mzee Bluu. Mama alisikiliza bila kuingilia. Alipopewa karatasi mpya hakuisoma, aliinuka akaenda chumbani, akarudi na ile ya zamani, akaziweka mbili mapajani, moja juu ya nyingine, akawa anazinyoosha kwa kiganja.

"Ile kiu," alisema mwisho. "Ilikuwa ya ugonjwa."

"Ndiyo, Mama. Sukari ilipanda."

"Siku za mwisho hakuweza kuinuka. Mtungi uko hatua nne kutoka kitandani. Alikuwa ananiomba." Alizungumza na zile karatasi, si na wao. "Mke wangu, naomba maji. Ananiomba kwa adabu kabisa. Nami namjibu, kaombe huko unakonywea. Siku ngapi, mwanangu? Sijui siku ngapi. Mpaka gari likaja kumchukua. Ile kata bado naisikia, ndo, ndo. Hata nilipouza mtungi, naisikia. Nikafikiri ni yeye ananichezea, mlevi hata akifa ana vituko."

Mama Vioo alitaka kumwambia kwamba na yeye ana mkasi wake, kwamba tangu siku ile ya stoo haujanyamaza hata baada ya kujibu lile swali, lakini aliona huo si wakati wa kushindana.

Mama akaziweka karatasi chini. Akainuka, akashika ukuta, akaenda jikoni. Walisikia bomba linafunguliwa, maji yanatiririka muda mrefu, bomba linafungwa. Akarudi na kikombe kikubwa cha bati kimejaa mpaka ukingoni, anakibeba kwa mikono miwili, maji yanammwagikia vidoleni. Katikati ya sebule akasimama. Aliangalia kiti kilicho wazi, akaangalia mlango wa chumba cha kulala, kama mtu aliyetumwa kisha akasahau ametumwa kwa nani.

Mdogo wake Mama Vioo akatoka konani. Akakipokea kile kikombe kutoka mikononi mwake, akanywa amesimama pale pale mbele yake, mafundo marefu, bila kuondoa mdomo, na safari hii mama hakuyafuata maji kwa jicho la kuhesabu. Alipokimaliza akapangusa mdomo, akamrudishia.

"Naomba tena, Mama," alisema.

Mama akaenda kuchota.